Kazi ni Amana: Tunapolazimishwa Msaidizi Tusiyemwomba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyeshika mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi,

Maneno haya niliyasema kwanza hapa Cibitoke baada ya sala ya Isha, mbele ya ndugu wachache, nikaombwa niyaandike. Mimi ni mwanafunzi kama ninyi, si mufti. Nikikosea, nirekebisheni. Nikipatia, ni kwa taufiki ya Allah.

Swali lililonifikia barazani

Nina kaka, mtoto wa baba mkubwa. Anafanya kazi mjini katika ofisi ambayo sitaitaja, na kazi yake ni barua na karatasi za mizigo inayokuja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Jioni moja alifika nyumbani amechoka, maana siku hizi za uhaba wa mafuta foleni ya basi peke yake ni kazi ya pili. Hata maji hakunywa. Akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe si unasoma dini? Nijibu hili. Nikiidanganya kompyuta, nimesema uongo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Programu wanayoandikia barua ofisini imeletewa msaidizi wa akili bandia, ile tunayoiita IA kwa Kifaransa. Hakuna mfanyakazi aliyeulizwa. Kila akifungua barua, kisanduku kinajitokeza kutaka kumwandikia. Akikifunga leo, kesho kimerudi. Baadaye mkuu wa ofisi akatangaza kwamba kila Ijumaa kila mmoja ataripoti ametumia msaidizi huyo mara ngapi, na mwenye idadi ndogo atajieleza.

Kisha likatokea la kutokea. Mteja mmoja aliandika barua ndefu, na ndani yake akasema mzigo wake usitolewe mpaka athibitishe mwenyewe. Msaidizi akaifupisha barua, na katika kufupisha akaliacha lile katazo. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa wasipoteze muda kusoma barua nzima, muhtasari unatosha. Mzigo ukatolewa. Gharama ikakatwa kwenye mshahara wa kaka.

"Mashine imekosea, mimi nimelipa," akasema. Tangu siku hiyo barua zake anazisoma na kuziandika mwenyewe. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, anabofya kile kisanduku mara ishirini, kinaandika upuuzi, anaufuta, ili hesabu ya Ijumaa ijae.

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilimwomba siku chache, nikarudi kwenye vitabu. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Si yeye peke yake

Kwanza tujue kwamba jambo hili limeenea. Mwaka 2024 kampuni ya Meta ilianza kuweka msaidizi wake wa akili bandia ndani ya WhatsApp katika nchi kadhaa, na jirani zetu wa Uganda walikuwa miongoni mwa waliofikiwa mapema. Mwezi Julai 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Italia ilifungua uchunguzi kwa sababu msaidizi huyo aliwekwa mle bila watumiaji kumwomba.

Mwezi Oktoba 2025 tume ya ushindani na watumiaji ya Australia iliipeleka kampuni ya Microsoft mahakamani. Madai yake ni haya: wateja wapatao milioni 2.7 waliambiwa kwamba programu zao za kuandikia sasa zina msaidizi anayeitwa Copilot, na kwamba bei imepanda. Wakubali au wajitoe. Ada ya mwaka ya mtu mmoja ilitoka dola 109 za Australia hadi 159. Kumbe kulikuwa na njia ya tatu, kubaki na programu ya zamani kwa bei ya zamani, na tume inadai kwamba njia hiyo ilionekana tu kwa aliyeanza hatua za kujitoa. Kampuni baadaye iliwaomba radhi wateja wake wa huko.

Lete jambo hilo sokoni Ruvumera ulielewe. Umekwenda kununua kilo ya maharage. Muuzaji anakumiminia ndagala juu ya maharage, anakwambia bei mpya ndiyo hii. Unasema, "Mama, sikuomba ndagala." Anajibu, "Siku hizi maharage yanauzwa hivi." Unapogeuka kuondoka ndipo anakuita: "Njoo, yapo maharage matupu chini ya meza." Huyu hakukupunja kwenye mizani. Alichokunyima ni kujua kwamba una hiari.

Na dini yetu hiari hiyo imeitazama kwa makini. Surat An-Nisaa, aya ya 29, inakataza kuliana mali kwa batili, na inaruhusu biashara ile iliyojengwa juu ya ridhaa ya pande mbili. Fahamu hapo kwamba uamuzi hauko kwa muuzaji peke yake, hata akiwa na hakika kwamba anakuuzia kitu kizuri.

Mkataba wa Madyan

Tumtazame sasa mfanyakazi na mwajiri wake. Katika Qur'ani mna kisa cha ajira kilichoelezwa hatua kwa hatua, nacho kimo katika Surat Al-Qasas kuanzia aya ya 22. Nabii Musa (a.s.) amekimbia Misri, amefika Madyan hana kitu. Anawanyweshea wanyama mabinti wawili bila kuomba malipo. Mmoja wao anamshauri baba yake amwajiri, na sifa anazozitaja ni mbili: nguvu na uaminifu. Wafasiri wengi wamesema mzee yule ni Nabii Shuaib (a.s.), wengine wamesema ni mtu mwingine mwema wa Madyan. Tofauti hiyo haibadilishi somo letu.

Tazameni mzee anavyofunga mkataba. Anataja muda: miaka minane. Anataja malipo, nayo ni mahari ya binti yake. Anasema kwamba ikifika kumi, ile miwili ya ziada itakuwa ni hisani ya Musa, hailazimishwi. Kisha anaongeza jambo ambalo waajiri wengi hulisahau: anamwambia Musa kwamba hataki kumtia katika mashaka. Naye Musa anajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya ile miwili, asidhulumiwe, na Allah ni shahidi juu ya walichokubaliana.

Mwenye nguvu katika mkataba ule alikuwa mzee. Musa alikuwa mgeni, mkimbizi, mwenye njaa. Mzee angeweza kumwambia, "Miaka kumi, na nitakachoongeza baadaye utakipokea." Hakufanya hivyo. Ziada aliitenga na wajibu, akaiweka mikononi mwa mfanyakazi. Basi pima ofisi yako kwa kipimo hicho. Je, ziada iliyoletwa baada ya mkataba imeachwa kwenye hiari yako, au imegeuzwa wajibu usiku mmoja, na kuhesabiwa kila Ijumaa?

Aliyenyamaza hakusema

Kuna hoja ambayo wakubwa hupenda kuitoa: "Mbona hamkusema kitu tulipoleta? Mlinyamaza, mmekubali."

Mafaqihi wana kanuni juu ya hili. Imenasibishwa kwa Imam Shafii (r.a.), na katika Majalla, ile sheria ya madai ya Dola ya Uthmaniya, imewekwa kuwa kifungu cha 67. Maana yake ni kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Kanuni hiyo ina nusu ya pili: palipo na haja ya kusema, kunyamaza huwa ni maelezo. Nusu ya kwanza inamlinda mnyonge. Usimbandike mtu ridhaa ambayo hakuitamka, kwa sababu tu kisanduku kimewekwa wazi na yeye hajakifunga. Nusu ya pili inatuamsha sisi. Ukiulizwa katika kikao na ukanyamaza kwa woga, ukimya wako unaweza kuwa hoja dhidi yako na dhidi ya wenzako.

Waandishi wa filamu wa Marekani hawakunyamaza. Walianza mgomo tarehe 2 Mei 2023, ukadumu siku 148. Walipomaliza, mkataba wao ulisema kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili bandia, na kama inampa maandishi yaliyotoka kwenye mashine ni lazima imwambie. Mwandishi akitaka kuitumia kwa hiari yake, na kampuni ikaridhia, mlango uko wazi. Mimi naona makubaliano hayo yako karibu na mwenendo wa mzee wa Madyan: chombo hakikuharamishwa, ila hakuna anayefungwa nacho shingoni.

Nani abebe hasara?

Hapa ndipo kaka yangu alipoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika mlango wa ijara, wanazuoni wanamtofautisha mfanyakazi wa watu wote, kama fundi cherehani, na mfanyakazi maalumu aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu. Juu ya fundi wana ikhtilafu. Ama mfanyakazi maalumu, kauli ya wengi ni kwamba mkono wake ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika kazini hatozwi, isipokuwa amevuka mipaka au amezembea.

Je, kaka alizembea? Aliambiwa asisome barua nzima. Akatii. Aliyetoa amri ndiye aliyechagua chombo, na ndiye aliyetaka kasi. Na ipo kanuni nyingine ya fiqhi: mwenye kula faida ya jambo ndiye anayebeba hasara yake. Ofisi haiwezi kuchukua dakika zilizookolewa na muhtasari, kisha ikamwachia karani makosa ya muhtasari. Kwa ninavyoelewa, kukatwa kwake mshahara ni dhuluma, na deni hilo liko kwenye dhima ya aliyekata mpaka alirudishe.

Lakini haki ina pande mbili, nami nilimwambia kaka hili pia. Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Orodha hiyo haina mashine. Mwezi Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na akili bandia. Jaji hakuilaumu kompyuta. Saini ilikuwa yao. Basi ukiambiwa utie saini usichokisoma, omba amri hiyo kwa maandishi, au soma.

Handaki la Madina

Asije mtu akadhani Uislamu unaogopa vitu vipya. Mwaka wa 5 Hijria, makabila yalipokusanyika kuishambulia Madina, Salman Al-Farisi (r.a.) alitoa rai ya kuchimba handaki. Waarabu hawakuwa na mazoea ya vita vya namna hiyo; ilikuwa mbinu ya Waajemi. Mtume (s.a.w.) aliikubali. Jambo lilizungumzwa, hatari ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na kila mmoja alijua handaki ni la nini. Kisha Mtume mwenyewe akaingia kazini. Imepokewa katika Bukhari kwamba alionekana akibeba udongo mpaka vumbi likafunika tumbo lake.

Lingaanisheni hilo na kiongozi anayeagiza chombo ambacho yeye mwenyewe hajakitumia hata juma moja. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye ofisi akiketi na makarani wake, akawauliza kinachowachosha, akakijaribu chombo pamoja nao, huenda wao wenyewe wangekipenda. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba walio chini yetu ni ndugu zetu, tusiwabebeshe kinachowazidi, na tukiwabebesha tuwasaidie.

Tusiwasahau pia walio nyuma ya mashine. Januari 2023 gazeti la TIME lilieleza kwamba vijana wa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kila aina, ili akili bandia ijifunze kuyaepuka. Kwa hiyo kisanduku kile kinachomkera karani wa Bujumbura kimesafishwa kwa macho ya kijana wa Kenya aliyelala vibaya usiku. Wote wawili hawakuulizwa.

Jibu nililompa kaka

Nilirudi kwake baada ya siku tano. Nikamwambia: "Kaka, kompyuta haidanganyiki. Anayedanganywa ni anayesoma ripoti siku ya Ijumaa."

Akanijibu: "Nikiandika ukweli nitafukuzwa. Nina watoto watatu. Dini haina dharura?"

Swali hilo ni zito, wala sikulipuuza. Dharura ipo, na Allah ni mwingi wa rehema. Lakini dharura huja baada ya milango ya halali kufungwa, nasi hatujaugonga hata mmoja. Tena nikamwonyesha jambo ambalo hakuwa ameliona. Zile bofyo ishirini za kila asubuhi ni ushahidi. Zinamwambia mkuu kwamba wafanyakazi wanampenda msaidizi, kwamba wanamhitaji, kwamba pengine anaweza kufanya kazi ya mtu mmoja wao. Wenzake wakifanya vivyo hivyo, watakuwa wameandika kwa mikono yao barua ya kumfukuza mwenzao. Uongo ule alidhani unamkinga, kumbe unamshuhudilia dhidi yake.

Nikamshauri mambo matatu. Aandike kila kosa la msaidizi: tarehe, barua ipi, nini kiliachwa. Aende kwa mkuu pamoja na wenzake, asiende peke yake. Na aseme kwa upole, kwa sababu Allah alipowatuma Musa na Harun (a.s.) kwa Firauni, aliwaamuru maneno laini; na mkuu wa ofisi si Firauni, wala sisi si Musa. Waombe mawili tu: kutumia kuwe kwa hiari, na kosa la mashine lisikatwe kwenye mshahara wa mtu.

Kaka na wenzake wawili wamepeleka barua hiyo. Mpaka naandika haya hawajajibiwa, na fedha yake haijarudishwa. Lakini Ijumaa iliyopita aliandika idadi ya kweli. Ilikuwa mbili.

Na sisi je?

Ndugu zangu, nimekaribia mwisho, na hapa ndipo pagumu kwangu.

Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, na wanaopunguza wanapotoa. Tunaisoma tukiwafikiria wauza mchele. Lakini tukimkasirikia mwenye ofisi anayemlazimisha karani kutumia mashine, mbona sisi tunaikimbilia wenyewe, usiku, tunapodaiwa insha? Tunataka mwalimu atusome kwa makini, atupe alama kamili, atusahihishe kwa uadilifu. Tunachompa ni maneno ambayo hata sisi hatujayasoma. Tunapokea kwa kipimo kilichojaa na kutoa kilichopungua.

Nitajitaja mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa natayarisha darasa fupi kwa wadogo zetu, muda umenibana. Nikaiomba mashine hadithi juu ya fadhila za subira. Ikanipa maneno matamu, ikataja Bukhari, ikataja na namba. Nilikaribia kuyasema. Kitu kikanizuia, nikaenda maktaba, nikafungua kitabu kwenye namba ile. Ilikuwa hadithi nyingine kabisa, juu ya jambo jingine. Nilisimama pale na kitabu mkononi, nikatetemeka. Umma huu ulijenga elimu nzima ya isnadi, watu wakasafiri miezi kwa ajili ya hadithi moja, ili tusimsingizie Mtume (s.a.w.) neno ambalo hakulisema. Nami nilikuwa karibu kulisingizia kwa sababu ya haraka ya dakika kumi. Mimi hakuna mkuu aliyenilazimisha.

Kwa hiyo kila mmoja wetu aanze na mizani yake. Aliye mwanafunzi asome anachokitia jina lake. Aliye mfanyakazi aseme ukweli hata kama ni mfupi. Na wale ambao kesho Allah atawapa ofisi, kwani miongoni mwenu wamo, wakumbuke mzee wa Madyan: taja masharti waziwazi, iache ziada kwa hiari ya mtu, usimtie mwenzio katika mashaka.

Ewe Mola wetu, turuzuku kazi za halali na mabosi wenye huruma, na ukitufanya mabosi tupe huruma. Warudishie waliodhulumiwa haki zao. Zilinde ndimi zetu na uongo, na saini zetu na tusiyoyajua. Mfungulie kaka yangu, na kila aliye katika hali yake, mlango asioutarajia. Uwarehemu wazazi wetu, uipe amani Burundi na majirani zetu wote. Amin.

Wallahu aalam.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.